Kliniki inayompima mtoto urefu na kilo kabla ya kumfungua mdomo: maoni ya mama wa Kampala

Nawapa alama za juu, na mizani ndiyo sababu ya kwanza. Ni kliniki ya kupanga meno na mataya upande wa Ntinda, hapa Kampala. Kabla mtoto hajaambiwa afungue mdomo, anapimwa urefu ukutani, anapimwa kilo, na vyote viwili vinaandikwa kwenye kadi yake pamoja na mwezi aliozaliwa. Mzazi aliyekaa karibu nami alinung'unika kwamba amekuja kwa ajili ya meno, si kliniki ya watoto wachanga. Mimi nikauliza sababu. Majibu niliyopewa, kila mzazi mwenye mtoto anayekaribia balehe angestahili kuyapata, na ndiyo yaliyonikalisha niandike. Jina la kliniki silitaji kwa makusudi: ninachokisifu ni utaratibu, nao mzazi anaweza kuudai popote alipo.

Nimewapeleka watoto wawili. Safiya ni binti yangu, ana miaka 11, yuko P6, yaani darasa la sita la msingi, katika shule ya bweni. Ni mtoto mwenye mwili, kama walivyo shangazi zake, na darasani anayempita urefu ni mmoja tu. Rajabu ni mtoto wa kaka yangu wa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, ana miaka 13, yuko P7, mwembamba, na asiyemjua humdhani wa P5. Wote wawili shida yao ni moja: meno ya mbele ya juu yametokeza, kidevu kimekaa nyuma, na wakifumba kinywa mdomo wa chini hujificha nyuma ya meno ya juu. Ni umbile la ukoo wetu. Marehemu baba yangu alikuwa hivyo, akaishi zake na hakuna aliyemsumbua. Safiya wanamsumbua.

Kabla ya Ntinda tulipita mahali pengine. Walimmulika meno kwa tochi, wakauliza umri, wakasema bado mdogo, arudi akifika 14. Kwa mtoto mwingine ushauri huo ungeweza kufaa. Lakini huku Ntinda, daktari alipoitazama ile kadi alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama Safiya, cheti kinasema 11, lakini mifupa ya mtoto huyu huenda imeshatangulia. Tusifuate cheti, tufuate mwili."

Nieleze nilivyoelezwa. Taya la chini halikui kwa kasi moja. Hukua polepole utotoni, kisha hupiga mbio kipindi kilekile mtoto anaporefuka ghafla, ile miezi ambayo sare mpya inakuwa fupi kabla muhula haujaisha. Kwa wastani, wasichana hufika kilele cha mbio hizo karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14. Kifaa cha kulisaidia taya la chini lije mbele hufanya kazi vizuri zaidi kikivaliwa wakati huo. Mbio hizo zikishapita, kinachosogea zaidi ni meno. Na aliyekwisha kumaliza kukua, kama tofauti ya mataya yake ni kubwa sana, anaweza kujikuta ameelekezwa kwenye upasuaji.

Sasa uzito unaingia wapi? Nilidhani mafuta ya mwilini ni akiba iliyolala tu, kumbe yanafanya kazi usiku na mchana. Yanatoa homoni, mojawapo ikiwa leptini, inayouarifu ubongo kwamba akiba ya chakula ipo, balehe inaweza kuanza. Mafuta hayohayo hugeuza homoni nyingine kuwa estrojeni, na estrojeni ndiyo inayokomaza ncha za mifupa mpaka zifunge, kwa wasichana na kwa wavulana pia. Ndiyo maana mtoto mwenye uzito uliozidi mara nyingi huwapita wenzake urefu akiwa na miaka 9 au 10, meno ya utu uzima huota mapema, na mbio za taya zake huanza mapema na kwisha mapema. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walichapisha vipimo vya nyuso za vijana wenye unene wa kupindukia, wakiwalinganisha na wenzao wa uzito wa kawaida. Mataya ya wale wanene yalikuwa marefu zaidi, la juu na la chini.

Nikamkatiza daktari: ikiwa taya hurefuka zaidi, mbona la Safiya limebaki nyuma? Alijibu kwamba umbo la uso mtoto hulirithi, na urithi ndio wenye nguvu kubwa. Uzito unaweza kuongeza kidogo ukubwa wa mataya, lakini kazi yake anayoiangalia yeye ni kusogeza wakati. Akaongeza kwamba hayo ni mambo ya wengi, si ya kila mtoto mnene, na kwa sababu hiyo hawaishii kwenye mizani.

Tulitumwa mjini kupiga eksirei mbili, moja ya meno yote na moja ya kichwa kwa ubavu. Hiyo ya ubavu ndiyo iliyonifungua macho. Daktari alikigeuza kioo cha kompyuta upande wangu, akaniwekea ncha ya kalamu si kwenye taya bali shingoni, kwenye pingili ya pili, ya tatu na ya nne. Kwa mtoto ambaye bado sana, ukingo wa chini wa pingili hizo ni tambarare. Anapokaribia mbio za kukua, ukingo unaanza kubonyea: kwanza wa pingili ya pili, halafu wa tatu, halafu wa nne. Ya pili na ya tatu zikishabonyea, mbio zimefika. Ya nne nayo ikibonyea vizuri, kilele kinapita au kimeshapita. Za Safiya, ya pili na ya tatu zilikuwa na kibonyeo hata mimi nisiye daktari nilikiona; ya nne bado ilikuwa bapa. Yaani alikuwa mlangoni kabisa. Huyu ndiye aliyeambiwa angoje miaka mitatu.

Nilipenda pia kwamba hawakumpiga eksirei ya mkono. Njia ya zamani ya kujua umri wa mifupa ni kupiga picha ya kiganja na kifundo cha mkono, kisha kuilinganisha na atlasi, kitabu cha picha za mifupa, ya Greulich na Pyle, ambayo chapa yake ya pili ilitoka 1959 na picha zake ni za watoto wa Cleveland, Marekani. Picha ya kichwa ilikuwa lazima ipigwe kwa ajili ya taya, na shingo imo humohumo. Mtoto aongezewe mionzi ya nini?

Na bado daktari hakuiachia picha neno la mwisho. Aliangalia magego ya pili, ambayo kwa kawaida hutoka karibu na miaka 12: kwa Safiya yote manne yalikuwa nje. Aliniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, kama ameshavunja ungo. Bado. Akasema hiyo ni habari njema, kwa kuwa hedhi ya kwanza kwa kawaida huja baada ya kilele cha kurefuka. Kilo, urefu, shingo, magego, balehe, vyote vikaelekea upande mmoja, ndipo akasema tuanze sasa.

Rajabu ndiye aliyenihakikishia kwamba watu hawa hawauzi vifaa tu. Kwa umri, ungedhani yeye ndiye wa kuharakishwa. Kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani ya 2007, ile ya miaka 5 hadi 19, urefu wake uko chini, na uzito wake kwa urefu uko juu kidogo tu ya mstari wa wembamba. Pingili yake ya pili ndiyo kwanza inaanza kubonyea, nyingine tambarare. Magego ya pili hayajatoka hata moja. Daktari alisema mbio zake huenda bado ziko mbele kwa kiasi cha mwaka mmoja. Mtoto aliyekosa chakula cha kutosha kwa muda mrefu, au aliyekuwa akiugua mara kwa mara, mwili wake huahirisha balehe, na taya husubiri pamoja na miguu na mgongo. Nikakumbuka miaka ile ya shida nyumbani kwa kaka. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016, watoto 29 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 hapa Uganda walikuwa wamedumaa. Kizazi cha Rajabu ndicho hicho, na sasa ndicho kinachofika balehe. Mzazi wa mtoto kama huyo akiambiwa "amechelewa, ana 13 tayari" atauza mbuzi kumnunulia kifaa ambacho wakati wake haujafika.

Sisi hatukuuziwa. Daktari alisema akikivaa sasa atachoka nacho kabla mwili haujaanza kumsaidia. Tulilipa ada ya kumwona daktari na ya picha, tukapewa kadi na maagizo: Rajabu apimwe urefu kila baada ya miezi mitatu kulekule Arua, avue viatu, nesi yeyote anaweza kufanya hivyo, na namba itumwe kwa WhatsApp. Urefu ukianza kupanda haraka, aletwe.

Kuna jambo jingine lililoonekana kinywani mwa Rajabu ambalo siwezi kuliruka. Chonge lake la chini upande wa kushoto halipo. Daktari alipoona pengo lile aliuliza moja kwa moja: "Alitolewa ebinyo?" yaani kile kinachodaiwa kuwa minyoo ya fizi. Ndiyo. Alipokuwa mchanga aliharisha na kupata homa, bibi mmoja kijijini akachimba fizi kwa spoku ya baiskeli, akatoa kitu cheupe akasema ndiyo minyoo iliyokuwa ikimuua. Kitu kile kilikuwa jino changa, chonge lililokuwa bado linajitengeneza ndani ya fizi, na chini yake mbegu ya lile la ukubwani nayo ikaharibiwa. Linaniuma sana. Watoto wanaendelea kufanyiwa hivyo mpaka leo, na wengine wamekufa kwa kuvuja damu au kwa maambukizi. Kama kuna mchanga nyumbani kwako na mtu anatamka neno ebinyo, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, maana ugonjwa anao, ila hauko kwenye fizi.

Sasa lawama, nayo ni ya uzito uleule ninaousifu. Tulipofika mara ya kwanza mizani ilikuwa koridoni, mbele ya watu wote wanaosubiri. Nesi alimpandisha Safiya, akatamka kilo zake kwa sauti ili mwenzake mezani aandike. Wavulana wawili wakubwa wakatazamana wakacheka. Safiya akavuta sweta likamfunika tumbo, na kwenye kiti cha daktari akawa anajibu kwa kichwa tu. Mtoto huyu huko shule tayari anaitwa majina mawili, moja la meno na moja la mwili. Kupimwa hadharani kulimpa la tatu. Kilo zake sitaziandika hapa pia. Nilimwendea msimamizi, nikamwambia kwa adabu lakini bila kuzunguka kwamba kipimo ni kizuri na mahali ni pabaya. Tuliporudi, mizani ilikuwa imeingizwa ndani nyuma ya pazia, na nesi anaandika mwenyewe pasipo kutamka. Hilo limewapandisha machoni pangu. Lakini kliniki nyingine ikitaka kuanza utaratibu huu, itundike pazia kwanza, ndipo inunue mizani.

Kuhusu chakula, wifi yangu aliyetusindikiza alipendekeza mtoto anyimwe chakula cha usiku. Daktari alikataa katakata. Huu ndio wakati mifupa inajengwa, akasema, na kumshindisha njaa mtoto anayekua ni kumpokonya matofali fundi akiwa juu ya ukuta. Alichotaka ni soda na juisi za pakiti ziondoke, kwa ajili ya mwili na kwa ajili ya meno, na mandazi na kabalagala, vile vibandiko vya ndizi, za kantini zipungue. Maharage, mukene (dagaa), mayai, dodo (mchicha), matunda, vyote vibaki. Na acheze. Hakuniahidi kwamba kupungua kilo kutarudisha nyuma umri wa mifupa, kwa sababu mfupa uliokomaa haurudi utotoni. Aliuliza pia kama Safiya hukoroma usiku. Taya lililo nyuma na mafuta ya shingoni, kila kimoja huweza kubana njia ya hewa, na vikikutana ni vibaya zaidi. Watoto wanaokoroma kila usiku huwatuma kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo. Safiya hukoroma akiwa na mafua tu.

Kifaa alichopewa kinaitwa Twin Block. Kilibuniwa na William Clark wa Scotland mwaka 1977. Ni vipande viwili, cha juu na cha chini, kila kimoja na vitofali vya plastiki pande zote mbili vyenye mteremko wa nyuzi kama 70. Mtoto akiuma, miteremko inakutana na taya la chini halina njia ila kuja mbele. Huvaliwa mchana na usiku, hutolewa wakati wa kupiga mswaki na kwenye michezo. Kipande cha juu kina skrubu ndogo katikati ya paa la kinywa, na mzazi hupewa ufunguo wa kuizungusha robo mara moja kwa wiki ili taya la juu litanuke kidogo. Siku za mwanzo mate yalimjaa, na herufi S ilimshinda hata jina lake likawa gumu kulitamka. Yalipita. Kwa kuwa yuko bweni, kliniki iliandika barua kwa shule ikieleza kifaa ni nini, kinaoshwaje, na kwamba mtoto asilazimishwe kukivua darasani. Matroni ndiye anayezungusha ufunguo ninapokuwa mbali, na namshukuru sana mama yule.

Nafasi kati ya meno ya juu na ya chini ilikuwa milimita 9. Ya kawaida ni 2 hadi 3. Sasa ni 5, na tumefika katikati ya matibabu. Kila tukirudi anasimama tena ukutani apimwe urefu, na kadi inaonyesha amerefuka kuliko muhula wowote uliopita. Daktari hakutaka nidanganyike: sehemu kubwa ya hizo milimita ni meno yaliyosogea, sehemu ndogo ndiyo taya lenyewe, na kama tungeanza nje ya wakati hata hiyo ndogo ingekuwa ndogo zaidi. Nilithamini kuambiwa hivyo kabla ya kulipa awamu ya pili. Na kwangu si urembo peke yake. Meno yaliyotokeza namna ile ndiyo yanayovunjika mtoto akianguka, na Safiya anacheza netiboli.

Bei, kwa sisi: kumwona daktari shilingi 50,000, eksirei mbili mjini 150,000, kifaa 1,800,000 kwa awamu nne, kwa mobile money au taslimu. Waya za meno zitakazofuata ukubwani zina bei yake, nao walisema tangu siku ya kwanza. Ni pesa nyingi. Asiyeziweza aulize hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambako wanafunzi hujifunzia.

Yaliyobaki ya kurekebisha: hakuna lifti, na ngazi ni kali kwa bibi anayemleta mjukuu. Karatasi za maelezo ni za Kiingereza tu. Daktari alisomea Dar es Salaam, kwa hiyo mimi nilielezwa kila kitu kwa Kiswahili, lakini siku ambayo hayupo mzazi wa Koboko au Yumbe, kule upande wa Arua, asiyejua Kiingereza wala Kiganda ataondoka na nusu ya habari. Na Jumamosi za likizo foleni inafika mlangoni.

Nendeni katikati ya wiki. Chukueni kadi ya kliniki ya mtoto tangu uchanga kama bado ipo, na ripoti za shule zenye urefu na uzito, hata za miaka mitatu nyuma. Nyumbani kwetu zilikuwa kwenye sanduku pamoja na vyeti, na daktari alizisoma zote, mstari kwa mstari, kabla ya kuandika chochote.